Nitampiga Mama Mkwe Picha

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimeropoka. Kweupe, mbele ya ukoo mzima wa mke wangu.

Ilikuwa hivi. Mama mkwe wangu ni mkunga, na anastaafu. Nusu ya mtaa huu imepita mikononi mwake ikiwa haina meno wala nguo. Kliniki inataka picha yake kubwa itundikwe ukutani, pale wanapokaa akina mama kusubiri zamu. Tatizo: hana picha. Yaani anazo, ila katika zote anaonekana kama mtu anayetafutwa na polisi. Au polisi anayemtafuta mtu. Mwenyewe amesema afadhali watundike kalenda.

Mwanyumba wangu, yule bwana aliyemwoa mdogo wa mke wangu, akatoa simu mfukoni polepole kama anachomoa upanga. Akasema ataipiga yeye, simu yake ina macho matatu. Watu wakaguna kwa kuridhika. Hata mke wangu aliguna!

Ulimi hauna mfupa. Nikasikia sauti yangu ikitangaza kwamba picha ya heshima haipigwi kwa simu, inapigwa kwa kamera, na kwamba mimi nimekuwa nikijifunza kazi hiyo kimyakimya kwa muda sasa. Mke wangu akanitazama kama anavyoutazama ule mlango wa kabati unaofunguka wenyewe. Mama Mkwe akasema haya, Jumamosi ya wiki ijayo, asubuhi, kliniki.

“Lakini nikitoka kama nimelamba ndimu, mwanangu, nitajua ni wewe.”

Ukweli ni huu: nauza magodoro. Kamera ninayo, alinipa binamu yangu aliyechoka nayo. Najua pa kuiwashia. Pa kuizimia bado sijapaona.

Jumanne, 4 Juni

Nina mpango! Kuna studio karibu na posta, ya mama mmoja ambaye watu wote humwita Bi Taa. Amepiga picha za mtaa huu tangu mimi sijaota ndevu. Nitakwenda kama mteja wa picha ya pasipoti, nitaangalia taa zake zimekaaje, nitakariri, nitaondoka. Elimu bila mwalimu.

Asubuhi nimepigwa. Taa moja yenye mwavuli mweupe, juu kidogo ya kichwa, upande. Ubao mweupe upande wa pili, wa kurudisha mwanga. Kabla hajabonyeza alinishika kidevu akakigeuza huku na huku kama anachagua papai. Kugeuzwa kule kukanisahaulisha taa ilikuwa upande gani.

Mchana nimerudi na shati jingine. Nimesahau tena.

Alasiri nimerudi na kofia. Bi Taa akaweka mikono kiunoni.

“Baba, kwani wewe unahamia nchi ngapi?”

Nikakubali yaishe. Nilitegemea kufukuzwa. Badala yake akasema anayeiba kwa macho heri afundishwe, maana akijifundisha mwenyewe atawatia watu hasara. Nije na yai.

Nikauliza, yai? Akasema yai. La kuku, bichi.

Alhamisi, 6 Juni

Siku ya pili ya kupiga picha yai. Mimi, baba wa watu, nimechutama mbele ya yai.

Bi Taa anasema yai ni uso usiolalamika. Nimeambiwa nichukue taa moja niizungushe kando ya yai, niangalie kivuli. Taa mbele moja kwa moja: yai likawa sahani. Taa chini: yai la mchawi. Taa juu kidogo, pembeni kidogo: ghafla yai likajaa, likawa na mgongo na shavu, nikaona hata vitundu vya ganda. Nakiri moyo wangu uliruka. Nikageuka kumwonyesha Bi Taa. Akasema vizuri, kesho yai tena.

Nikamwuliza kwa adabu ni lini nitapiga binadamu. Akasema siku yai litakaponiomba nakala.

Jioni nimemsimulia mke wangu yote kwa uchungu. Ameuliza maswali mengi, maskini, ananihurumia. Taa ilikuwa wapi? Kivuli kiliangukia wapi? Ubao ulikaa mbali kiasi gani? Nimemjibu kila kitu kwa kufoka. Kisha akachukua yai na kamera, eti aviweke mahali salama. Mke mwema ni hazina.

Jumamosi, 8 Juni

Yai limenivunjia heshima ya kutosha. Imebaki wiki moja. Nimehama mwalimu.

Upande wa pili wa soko yupo Mzee Dirisha. Studio yake haina hata balbu. Kigoda, pazia jeupe na dirisha moja refu, basi. Lakini picha zake, jamani! Kuna moja ya fundi viatu ambaye ukimtazama unataka kumwomba radhi, na hujui umemkosea nini.

Mbinu yangu: mwalimu akichokozwa hutoa siri zote. Kwa hiyo nikamwambia kwamba Bi Taa anasema wapiga picha wa dirishani ni watu waliokatiwa umeme. Bi Taa hakusema hivyo. Lakini angeweza kusema.

Ajabu, mzee hakukasirika. Alicheka mpaka akavua miwani kuifuta. Akasema mwambie Bi Taa kwamba taa zake zinafaa kukaangia samaki. Nikaiweka moyoni. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Na kunguru ni mimi!

Akaniketisha karibu na dirisha na kuanza kunifundisha bila kugusa kamera. Mtu akija, alisema, kwanza zungumza naye. Mtu akijua anapigwa picha huvaa uso wa wageni. Usimvue kwa nguvu. Ngoja auvue mwenyewe, halafu uwe tayari, maana hauvui kwa muda mrefu.

Kisha akaniuliza mama mkwe wangu anapenda nini.

Nikafikiri. Nikafikiri tena. Nikasema anapenda watu wafute miguu mlangoni.

“Basi, baba, unakwenda kupiga picha gauni lake,” akasema, akafunga pazia.

Jumapili, 9 Juni

Nimemwuliza mke wangu mama yake anapenda nini. Amejibu bila kufikiri: kilio cha kwanza cha mtoto. Anasema tangu wao wakiwa wadogo, mama yao akirudi kazini alfajiri, walijua kwa hatua zake tu kama mtoto amelia au hakulia. Nikamwambia asante, lakini mimi nilikuwa nataka kitu kinachohusiana na mwanga.

Mchana tumekula kwa Mama Mkwe. Mwanyumba, kwa kiherehere chake, akampiga picha mezani kwa simu yake, eti mazoezi. Simu ikamlainisha ngozi yenyewe. Ikamlainisha, ikamlainisha, mpaka pua ikakaribia kutoweka. Mama Mkwe akaishika ile simu mbali na macho, akauliza, “Na huyu marehemu ni nani?”

Nimekula sahani ya pili. Chakula kilikuwa kitamu mno.

Jumanne, 11 Juni

Nimempelekea Bi Taa salamu za samaki. Akakaa chini kwa kucheka. Akauliza, na nini kingine? Nikaongeza chumvi: kwamba Mzee Dirisha anasema mwanga wa kununua ni kama meno ya bandia. Bi Taa akagonga meza. Akasema lo, hiyo nzuri, hiyo ataikumbuka.

Mbinu imefanya kazi! Kwa furaha yake akanipa siri mbili. Kwanza: mtu mwenye mashavu, mgeuze uso kidogo, kisha taa imulike ule upande ulio mbali na kamera, upande wa karibu ubaki kivulini. Uso hupungua. Pili: hakikisha kila jicho lina nukta ya mwanga. Jicho lisilo na nukta limezimika, hata mwenyewe awe anacheka.

Sikutaka kungoja. Nikaazima taa yake moja na mwavuli. Saa ya chakula nikamjaribia tajiri wangu, mwenye duka la magodoro, bwana ambaye mashavu yake hutangulia kuingia dukani. Nikamgeuza. Nikawasha taa. Baadaye ndipo nilipogundua nimeiweka upande usio wenyewe. Hakupungua. Aliongezeka! Aliitazama ile picha kwa muda, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini godoro hilo ni la inchi ngapi.

Mchana mzima nimepanga mito stoo.

Jumatano, 12 Juni

Aibu. Aibu ya kuandikwa kwa herufi kubwa.

Jioni nimekwenda nyumbani kwa Bi Taa kumrudishia taa yake na mwavuli. Nikabisha hodi. Mlango ukafunguliwa na Mzee Dirisha, amevaa kandambili, ameshika mwiko.

Nikadhani nimekosea nyumba. Nikadhani yeye amekosea nyumba. Kisha nyuma yake nikasikia Bi Taa akiuliza, “Mume wangu, nani huyo?”

Ni mke na mume! Wameoana tangu zamani, wana wajukuu. Kila mmoja ana studio yake kwa sababu, walisema, chumba kimoja hakiwezi kuwa na majua mawili. Na kila umbea niliobeba mchana umekuwa ukisimuliwa jioni mezani pao. Umeme uliokatwa. Samaki. Meno ya bandia. Bi Taa aliigiza sauti yangu. Mzee aliigiza shingo yangu. Walicheka wakashikana mabega. Panzi walikuwa wakila sahani moja siku zote, na kunguru ndiye kitoweo.

Walinikaribisha ndani hata hivyo. Baada ya kula Mzee akawa makini kidogo. Akasema katika maisha yao wamebishana juu ya kila kitu isipokuwa hili: nisibebe taa kwenda kliniki. Bi Taa akatikisa kichwa kukubali. Akaniletea ubao wake mweupe, mwepesi, umechakaa pembeni kwa kushikwa.

“Huu, na dirisha la pale. Vinakutosha kabisa, mwanangu.”

Nimeushukuru ubao. Njiani nikatafakari. Watu wanaobishana juu ya kila kitu, leo wanakubaliana? Hapo pana jambo. Wananificha kitu! Wanaogopa mshindani. Nitabeba ubao, sawa. Na taa zote nitakazozipata.

Ijumaa, 14 Juni

Matayarisho. Nimeazima taa ya fundi ujenzi, ile ya kumwagia zege usiku. Nimeazima ya fundi magari. Nimechukua ya mezani kwa mke wangu. Ili kulainisha mwanga nimetengeneza fremu za mbao na kuziwamba kwa ile nailoni ya kufungia magodoro. Ubunifu! Ukiziona kwa mbali utasema zimetoka kiwandani.

Nimejaribu sebuleni. Mwanga mzuri, mlaini. Halafu harufu. Halafu nailoni ikaanza kudondoka kwenye zulia, tone moja moja, linawaka. Jirani aliingia na ndoo ya maji bila kubisha hodi. Zulia limepona kiasi. Mimi nimelowa.

Mke wangu amefungua madirisha yote. Kisha amesema kesho kamera ataibeba yeye, nisije nikaiangusha, nina vitu vingi vya kubeba. Nimeguswa na moyo wake.

Jumamosi, 15 Juni

Niandike taratibu.

Tulifika kliniki asubuhi. Nikapanga mitambo yangu katika chumba cha kusubiria, ubao wa Bi Taa kwapani. Mama Mkwe akaketi kitini na sare yake nyeupe iliyonyooshwa mpaka inakata. Mwanyumba akaegemea mlango, simu mkononi, akinirekodi, na uso wake una ile furaha ya mtu aliyekuja kuangalia ajali.

Nikamwambia Mama Mkwe ainue kidevu. Akainua. Ashushe. Akashusha. Alegeze mabega. Atabasamu, lakini kwa macho. Kila agizo lilimgeuza jiwe zaidi. Nikaona mwanga ndio tatizo. Nikachomeka taa zote kwenye soketi moja, nikawasha kwa mpigo.

Paa!

Fyuzi. Kliniki nzima ikazimika, moshi mwembamba ukapanda kutoka soketini. Mlinzi alipiga kelele. Mwanyumba alicheka. Na katika wakati huohuo, kana kwamba walikuwa wakingojea mlangoni, akaingia mama mmoja mjamzito ameshikiliwa na mumewe, hawezi hata kukaa.

Mama Mkwe aliinuka kama kiti kimemchoma. Akamshika yule mama kiunoni, akaingia naye chumba cha kujifungulia. Chumba kile kina dirisha moja tu, na jua lilikuwa linaangukia ukutani, mbali na kitanda. Nikasikia akiuliza nani ana tochi. Mwanyumba akakimbilia na simu. Ikazimika mkononi mwake. Kurekodi fedheha yangu kulikuwa kumeimaliza chaji.

“Wewe mwenye ubao! Njoo!”

“Mama, mimi ni—”

“Njoo! Macho ukutani, ubao dirishani. Nipe mwanga mikononi.”

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na mama mkwe. Nikaingia kinyumenyume, nikasimama karibu na dirisha, kichwa nimekielekeza ukutani, nikainua ubao kulidaka jua. Sikuona kitu. Niliongozwa na sauti yake. Huku. Zaidi. Umepita, rudi. Chini. Nikauinamisha ubao kidogo tu, kama nilivyokuwa nikiinamisha taa juu ya yai.

“Hapo! Hapo hapo, mwanangu. Usitikisike.”

Sikutikisika. Sijui kwa muda gani. Mabega yaliwaka moto. Nyuma yangu yule mama alikuwa akilia, na Mama Mkwe alikuwa akizungumza naye kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo mezani, sauti laini, ya chini, kama mtu anayemshusha mtoto ngazi. Vizuri, binti yangu. Mara moja tena. Niko hapa. Mara moja tena.

Kisha kimya. Kimya kirefu. Nilisikia jasho langu likidondoka sakafuni. Nikaanza kuomba.

Halafu mtoto akalia.

Yule mama alipokwisha kufunikwa, Mama Mkwe alimleta mtoto dirishani amtazame vizuri. Akasimama hatua chache kutoka kwangu. Nilikuwa bado nimeinua ubao, kwa kuwa hakuna aliyeniambia niushushe. Mwanga uliompiga ulikuwa wangu. Alikuwa ameinamisha kichwa, mdomo wazi kidogo, anasikiliza kile kilio. Uso ule! Niliwaza: sasa, kamera, sasa! Na mikono yangu yote miwili ilikuwa na kazi.

Mlangoni kukasikika mlio. Mmoja tu.

Mke wangu alikuwa amesimama pale na kamera jichoni. Alipoishusha, nilimwona amelowa mashavu.

Jumapili, 16 Juni

Tumeiona picha, sote, kwa Mama Mkwe.

Upande mmoja wa uso uko kwenye mwanga, mwingine kivulini. Mtoto anaonekana kisigino tu. Wazazi wake wameshakubali itundikwe, wanasema kisigino hicho ni cha baba yake mtupu. Na katika kila jicho la Mama Mkwe kuna nukta ya mwanga, ya pembe nne. Nikawaonyesha wote: ni ubao! Ni mimi!

Mama Mkwe aliitazama muda mrefu. Hakuishika mbali na macho safari hii.

“Kumbe nikiwa kazini ndio niko hivi,” akasema. “Na miaka yote hiyo hakuna aliyeniambia.”

Mke wangu akamwambia, “Sisi tulijua, Mama.” Wakashikana mikono. Mwanyumba alijifanya anachunguza dari. Mimi nilijifanya nina mafua.

Alasiri Bi Taa na Mzee Dirisha walikuja kuiona. Walinyamaza wote wawili kwa pamoja, jambo ambalo nadhani halijatokea tangu harusi yao. Kisha wakamwuliza mke wangu amejifunza wapi. Akasema nyumbani, kwa kusikiliza malalamiko yangu ya kila jioni na kuyajaribu kwenye yai nikishalala. Wakaanza kugombana papo hapo nani amchukue kuwa mwanafunzi, na ubishi ulikuwa bado haujaisha walipofika barabarani.

Nilikohoa ili wanikumbuke. Mzee Dirisha aligeuka akasema mkono wangu ni imara, ubao haukutikisika hata chembe. Niliguswa. Nilitaka kusema kitu cha unyenyekevu, lakini kilichelewa kuja.

Jumatano, 19 Juni

Picha imetundikwa. Akina mama huingia kliniki wakiwa na hofu, wakaitazama, wakashusha pumzi. Nimekwenda kujionea. Chini yake limeandikwa jina la mke wangu. Langu halipo, hata kwa herufi ndogo.

Sina kinyongo. Lakini tufikiri kwa utulivu. Nani alizima umeme? Mimi. Umeme usingezimika, ubao usingehitajika. Ubao usingehitajika, mwanga ule usingekuwepo. Kwa hiyo aliyepiga picha, ukichimba mpaka kwenye mzizi, ni nani? Kubonyeza ni kazi ya kidole tu. Nimemweleza mke wangu haya kwa ufasaha mkubwa. Alikuwa anavaa viatu, amechelewa darasa.

Leo dukani amekuja bwana mmoja kununua godoro la maharusi. Binti yake anaolewa Jumamosi, na mpiga video wao ameteguka mguu. Alikuwa karibu kulia, maskini. Akauliza kama tunamjua mtu yeyote. Tajiri wangu akanitazama, akaanza kutikisa kichwa kwa nguvu kwamba hapana, hapana.

Nimemwambia yule bwana asihangaike tena, amefika.

Video sijawahi kupiga. Lakini itanishindaje? Ni picha tu zinazokimbizana. Kesho asubuhi nakwenda kuazima taa za uwanja wa mpira.